Rivyu: rcu_assign_pointer, nyota 4, ile moja nimeikata kwa hasira

Wadau mambo vipi. Wenzangu wanarivyu simu na subufa, mimi leo narivyu makro (kipande cha kodi kilichopewa jina) ya ndani ya kerneli ya Linux, yaani moyo wa mfumo, inaitwa rcu_assign_pointer. Hiyo rcu ni RCU, Read-Copy-Update, njia ya kuwaacha wasomaji wasome data bila kufuli huku mwandishi anaibadilisha. Bei bure, waranti hamna, na kama una Linux basi unayo tayari hata kama hujawahi kuisikia.

Nina kamradi kangu ka kusoma joto la friza kubwa za bosi mmoja anayehifadhi samaki kule Feri. Sensa zinaingia kwenye Raspberry Pi 4, draiva nimeandika mwenyewe, na ndani yake kuna pointa (anwani ya sehemu kwenye memori) moja inaitwa cfg, inaonyesha yalipo mahesabu ya sensa, namba ya kujumlisha, namba ya kugawia, kengele ilie kwenye nyuzi ngapi. Kila sekunde draiva inaomba memori mpya, inajaza mahesabu mapya, halafu inaigeuza cfg iangalie huko. Huku kori zingine za prosesa zinasoma tu mfululizo, hazisubiri mtu wala hazishiki kufuli (la kuzuia wengine wasiguse data).

Mwanzo niliandika kishamba, cfg = mpya; imeisha hiyo. Kwenye laptop yangu hapa Sinza, Intel, wiki mbili kimya kabisa, nikafunga Feri nikachukua na advansi yangu. Siku ya tano saa nane usiku simu, "Fundi, hii kengele yako inalia na mlinzi ananiambia friza ni baridi kama kawaida." Naangalia rekodi, -18, -18, -18, halafu 0, halafu -18 tena. Sifuri moja tu katikati, kama mtu aliyechungulia akaondoka.

Nilibadilisha sensa, nikabadilisha waya, nikamlaumu hadi umeme. Kumbe ni hivi, prosesa ya ARM haina shida kuandika pointa kwanza na vitu vya ndani baadaye, kama mama ntilie aliyetundika kibao cha "wali samaki tayari" wakati sufuria bado haijapanda jikoni. Msomaji anaifuata pointa, anakuta memori bado ina sifuri tupu za kzalloc (ndo inayotoa memori ikiwa imejazwa sifuri), anagawa kwa sifuri, na ARM64 ukigawa kwa sifuri haigombi, inakurudishia 0 kimyakimya. Intel ingelipuka palepale tungejua, ila yenyewe haipindui mpangilio wa kuandika, so hiyo hali haikutokea hata mara moja kwangu (ingawa kompaila nayo ingeweza kunipindulia, nilikuwa na bahati tu).

Dawa ni mstari mmoja: rcu_assign_pointer(cfg, mpya). Maana yake kila nilichoandika kabla ya hapo kionekane kwanza, ndo pointa ionekane. Basi, ndo kazi yake yote. Kwenye Intel gharama yake karibu hakuna, inamzuia kompaila tu asichezeshe mistari, kwenye ARM64 ni instraksheni moja ya stlr. Nilichokipenda zaidi, ukiipa NULL (pointa tupu, haionyeshi popote) kavukavu inaelewa kwamba nyuma ya NULL hamna cha kuona, inaandika bila kujihangaisha na mpangilio. Mtu aliyefikiria hiyo alikuwa na akili ya kubana matumizi kama konda anayehesabu chenji.

Kitu chenyewe si cha jana, RCU iliingia kwenye Linux 2.5.43 mwaka 2002, zamani makro hii ilikuwa inatumia smp_wmb, siku hizi ni smp_store_release, zote ni za kupanga uandishi kwenye memori.

Sasa nyota niliyokata. Jina linakudanganya ujione umeshakuwa salama, aisee. Haiwazuii waandishi wawili kugongana, wakigeuza pointa pamoja mmoja anapotea na memori yake inavuja, so spin_lock (kufuli) ya upande wa kuandika ni juu yako. Na ile memori ya zamani? Mimi niliweka makro nikafurahi nikaacha kfree (ya kuachia memori) palepale chini yake, yaani nambomolea nyumba mtu aliyelala ndani, ikaanza kuleta namba za ajabu ambazo hata jua la Dodoma halifiki. Unatakiwa kfree_rcu, isubiri wote waliokuwa wanasoma ndani ya rcu_read_lock (alama ya msomaji kwamba yumo ndani) watoke kwanza. Halafu msomaji naye atumie rcu_dereference, makro ya kusomea pointa, asiisome pointa hivihivi. Kulikuwa na prosesa inaitwa Alpha, hata mwandishi apange vizuri vipi, msomaji aliweza kuona pointa mpya na data ya zamani nyuma yake. Kichaa.

Kuna na ndugu yake RCU_INIT_POINTER, huyo hapangi chochote, ni wa NULL au pale ambapo wasomaji hawajaanza kuingia. Majina yanafanana, nimeshayachanganya mara moja na kompaila haikusema hata neno. Kwa hiyo tangaza pointa yako na alama ya __rcu kisha jenga kwa make C=1 ili sparse, kikaguzi cha kodi ya kerneli, ikague, haitagundua kosa langu hilo ila itakuchongea kila sehemu unayoigusa pointa bila makro. Na CONFIG_PROVE_RCU, swichi ya ukaguzi kwenye kerneli, iwashe kwenye mashine ya majaribio, inachongea wanaotumia rcu_dereference bila rcu_read_lock.

Ukiwa na mwandishi mmoja au wawili na wasomaji kibao, chukua. Kama wasomaji na waandishi wanalingana, piga kufuli la kawaida ulale.

Feri kengele imetulia mwezi sasa. Kilichobaki ni bosi, kaniuliza mstari gani huo mmoja unaomchaji nauli ya bajaji kwenda na kurudi mara nne.