Maski na jeli za uso Lubumbashi: nunua ile ambayo haikuyeyuka Kasumbalesa

Kila mwaka, kuanzia Septemba, malalamiko ni yale yale. Mtu amenunua maski ya jeli, ile ya uwazi inayotetemeka ukiishika. Anafika nyumbani, anachana sashe, na mahali pa uso wenye macho mawili na mdomo anatoa donge. Mwingine anatoa vipande vipande. Mwingine anaitoa nzima, lakini kidevuni ni nene na kwenye paji ni nyembamba kama ganda la kitunguu. Akimuuliza muuzaji, jibu ni moja: "Njo vile iko, mama, ni ya Korea."

Hapana, si vile iko. Maski hiyo iliyeyuka njiani, kisha ikaganda tena ndani ya sashe ikiwa imelala upande. Watu wanaposhauriana juu ya maski wanahesabu kolajeni (protini inayokaza ngozi), dhahabu na ute wa konokono. Lori hawalihesabu. Kwa hiyo hapa tutaongea lori kwanza, kolajeni baadaye kama nafasi ipo.

Jeli ni wavu wa nyuzi ndogo mno zinazoshikilia maji, na siri yote iko kwenye mafundo ya wavu huo. Wanakemia wawili wa Prague, Otto Wichterle na Drahoslav Lím, walitangaza mwaka 1960 jeli ambayo nyuzi zake zimeungana kikemia moja kwa moja. Lenzi laini za macho zilitokana na kazi hiyo, na ndiyo sababu zinakaa jichoni siku nzima bila kulegea. Maski nyingi za uso hazijafungwa hivyo. Zinatengenezwa kwa karagini, inayotoka kwenye mwani mwekundu, jamii ya mwani wanaolima wamama wa Paje na Jambiani kule Unguja. Huongezwa gamu ya karobu ili jeli ivutike bila kukatika, na chumvi ya potasiamu ili igande vizuri. Mafundo yake yanashikana mchanganyiko unapopoa, na ukiupasha moto yanaachia. Kiwandani wanatumia tabia hiyo hiyo: wanapika, wanamwaga ikiwa ya moto, inapoa, wanakata sura ya uso. Joto la kuyeyuka linategemea mchanganyiko, lakini ziko zinazoanza kulegea kwenye nyuzi joto 40 na kitu.

Sasa fuata mzigo. Meli inashusha Dar es Salaam, lori linapanda mpaka Tunduma, linavuka Zambia, linafika Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, na kupanga foleni. Kontena la chuma lililofungwa, juani, mwezi wa Oktoba mvua zikiwa bado, ndani linapita nyuzi 50 bila taabu. Usiku linapoa na jeli inaganda upya kwa sura yoyote iliyokuwa nayo. Kesho yake jua linarudi. Kila mzunguko unatoa maji mengine nje ya wavu, ndiyo maana sashe ya namna hiyo ina maji mengi na jeli iliyonywea. Na pale ilipobaki nyembamba ndipo inakauka kwanza usoni. Jeli ikishakauka hainyweshi ngozi tena, inaivuta tu na kuiacha imekazana.

Kuitambua dukani hakuhitaji kuichana. Laza sashe kwenye kiganja, pitisha kidole gumba polepole. Maski nyingi hulala bapa kati ya karatasi mbili za plastiki, kwa hiyo kidole lazima kipate matundu ya macho na mdomo, na ukingo unaofuatana. Kidole kisipopata tundu lolote, yamezibwa na jeli iliyotiririka. Kisha simamisha sashe wima, hesabu mpaka 10. Maji yateleze chini, jeli ibaki mahali pake. Ikikusanyika yote kwenye kona, irudishe. Mwisho weka kwenye mizani ya dijitali ya jikoni, ukiwa nayo: sashe iliyoandikwa 34 g haiwezi kusoma 30 pamoja na ganda lake. Ikisoma hivyo, kuna tundu dogo mahali, maji yametoka, na yanapotokea maji vijidudu huingia.

Soma pia nyuma ya sashe. Ukiona "Chondrus Crispus", "Carrageenan" ao "Ceratonia Siliqua Gum", hiyo ni ya kuyeyuka. "Agar" nayo huyeyuka, ila inahitaji joto karibu nyuzi 85, na lori halifiki huko. "Carbomer" na "Sodium Polyacrylate" haziyeyuki. Maneno haya yako kwa herufi ndogo sana. Piga picha na simu, ukuze. Sasa nakupangia aina nne, kuanzia ile ninayoishauri kwanza.

Ya kwanza: vibandiko vya macho vya kopo, na vyangu ni Petitfee

Hivi ni vipande vya jeli vya kubandika chini ya macho. Ninaipendelea Petitfee, chapa ya Korea, na sifichi. Kopo la Black Pearl & Gold lina vibandiko 60, yaani mara 30, na kijiko chake bapa ndani. Dhahabu na lulu ni rangi tu, usilipie ndoto. Kilichonishawishi ni unene: kila kibandiko kina uzito wa gramu 1.4 hivi, na kinaogelea ndani ya maji yake. Kwenye kiangazi chetu cha Juni na Julai, hewa inapokausha mpaka midomo, kibandiko kinene kinafika dakika 20 bila kukunjamana pembeni.

Nacho ni cha karagini, kinaweza kuyeyuka kama vingine. Ila kopo haliwezi kukuficha. Lipa, kisha vunja foili palepale mbele ya muuzaji, ingiza kijiko. Vibandiko vikitoka kimoja kimoja, sawa. Vikitoka kama mkate mmoja usiokatwa, mrudishie akiwa bado ana dola yako mkononi. Makubaliano hayo yafanyeni kabla ya kulipa: "Nafungua hapa, kikiwa donge unanirudishia." Anayekataa sharti hilo anajua kopo lake lilipita wapi.

Heimish ya waridi la Bulgaria, nayo vibandiko 60, inafuata karibu sana. Kama Petitfee haipo, chukua hiyo bila kulia.

Kosa linaloharibu kopo zuri ni kidole. Tumia kijiko, kioshe, kikaushe, rudisha kifuniko cha ndani. Kibandiko kilichotoka usoni kisirudi ndani hata kama bado kina maji. Kikopo kidogo kilichofunguka kinachochorwa kwenye lebo, chenye namba kama 12M, kinakuhesabia miezi tangu siku ya kuvunja foili. Andika tarehe hiyo kwa kalamu chini ya kopo.

Ya pili: kreme ya jeli

Kama una pesa ya kitu kimoja tu, na unataka cha kila asubuhi, basi hii ipande namba moja kwako. Neutrogena Hydro Boost ya jeli ya maji, kopo la 50 ml, inategemea polima (nyuzi za kiwandani) za karboma, ile "Carbomer" ya juu, na wenzake, kwa hiyo Kasumbalesa haiisumbui. Ina gliserini, ina dimethikoni (aina ya silikoni) inayofunika ili maji yasiruke. Ipo yenye manukato na ipo isiyo nayo. Ngozi inayowasha ichukue isiyo nayo.

Adui wa karboma ni chumvi. Weka tone la jeli ya karboma kwenye kisahani, nyunyiza chembe chache za chumvi ya mezani, utaona inageuka maji. Jasho lina chumvi, ndiyo maana ukipaka jeli juu ya uso wenye jasho inateleza na haishiki. Osha kwanza, acha uso ukiwa na unyevu wa maji safi, paka kiasi cha punje kubwa ya haragwe. Ikitoa makombo meupe ukisugua, umeweka nyingi ao umeweka juu ya kreme ambayo haijakauka. Subiri dakika 2 kati ya tabaka na tabaka.

Ya tatu: vibandiko vya chunusi

Hivi ni ndugu wa jeli. Vinakuja vikavu, vikiwa na unga wa selulosi ndani ya gundi, na vinageuka jeli vikishanyonya maji ya chunusi. Ile alama nyeupe katikati ndiyo jeli yenyewe. Kwa kuwa havina maji, safari haiviwezi. Cosrx yenye vibandiko 24 vya ukubwa wa aina tatu inatosha. Bandika juu ya ngozi kavu isiyo na kreme, kwenye chunusi iliyopasuka ao yenye kichwa, acha usiku kucha. Chunusi ya ndani isiyo na kichwa haitaona faida yoyote. Kwa ngozi nyeusi faida kubwa ni kwamba kucha haifiki pale, na doa la baadaye linakuwa dogo.

Ya nne: maski ya uso mzima

Hii ndiyo kila mtu anaitaka, na ndiyo inayoongoza kwa hasara. Biodance, ile ya kolajeni, 34 g, sashe 4 kwenye boksi, ni maski nzuri ikifika salama. Inavaliwa saa 3 ao zaidi, nayo inaanza nyeupe na kumaliza ikiwa ya uwazi. Lakini kolajeni hiyo haiendi kujenga kolajeni yako. Inashika maji juu ya ngozi, basi. Na kwa bei ya boksi moja unapata uso wa mara 4.

Ninunue kwa masharti gani? Boksi lote limefungwa, majaribio ya kidole na ya kusimamisha yamepita kwa kila sashe, na tarehe inasomeka. Wakorea wanaandika mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku. Neno 까지 likifuata tarehe, ndio mwisho wa matumizi. 제조 ni siku ya kutengenezwa. Watu wengi wametupa maski nzima kwa kusoma 제조 kama mwisho, na wengine wamenunua iliyoisha kwa kosa la kinyume.

Kiangazi, usilale nayo mpaka asubuhi. Itoe mara inapokuwa ya uwazi yote, bado inateleza, kisha funika uso na kreme nzito ao vazelini nyembamba ndani ya dakika moja. Maski za kawaida za dakika 20 ni vilevile: zikianza kujikunja pembeni umechelewa.

Friji ni sawa. Friza hapana: barafu inapasua wavu, na ikiyeyuka utabaki na maji kando na kitambaa cha mpira kando.

Na jambo moja lisilo na mzaha. Ukiwa unatumia tyubu ya kung'arisha yenye klobetasoli (steroidi kali), ao retinoli (aina ya vitamini A), usiweke maski ya jeli juu yake. Jeli inafunika ngozi kama plastiki na dawa inaingia kwa nguvu kuliko ilivyopimwa. Na klobetasoli haina kazi usoni pasipo daktari, iwe na maski ao bila maski.

Za bei ndogo

Vibandiko vya macho visivyo na jina, vinavyouzwa jozi moja moja: acha. Jeli ya aloe ya kopo kubwa: kwa mwili sawa, kwa uso angalia "Alcohol" isiwe kati ya viungo vitano vya kwanza. Jeli ya mbegu za kitani ya kupika nyumbani haina kihifadhi. Siku 3 kwenye friji, na umeme wetu ukikatika hesabu siku moja.

Wauzaji wetu

Bei sijaandika kwa makusudi, kwa sababu bei ya Lubumbashi haiko kwenye lebo, iko kwenye kinywa. Boksi lile lile linatajwa kwa dola mjini, kwa franka Soko Kenya (soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi), na ukibadilisha unakuta kila butiki ina kiwango chake cha siku hiyo. Ukitoa noti ya dola yenye mkato wa milimita mbili, inakataliwa kama ya bandia. Ukipeleka sashe yenye mkato huo huo, unaambiwa haina shida.

Mbaya zaidi ni vitrine. Mtu analipia mzigo wa ndege ili maski isipite jua la barabara, kisha anazipanga kwenye kioo kinachotazama jua la saa nane, wiki tatu, zipendeze. Usichukue ya mbele. Omba ya ndani ya boksi, nyuma, kivulini. Na wanaofungua boksi la 4 ili wauze moja moja wanatupa boksi lenye maelezo yote. Mwambie akuonyeshe boksi hilo, ao upunguziwe bei.

Kama tayari unayo iliyoganda donge na sashe haikuvuja wala hainuki, usiibandike usoni. Mimina maji yake kwenye chupa safi, paka shingoni na mikononi jioni hiyo, na jeli yenyewe isugue kwenye visigino kabla ya kuvaa soksi.