Mwaka wa nne dirishani: methadoni nilivyoiona mimi

Unataja namba yako, unakunywa methadoni, dawa ya kutusaidia kuacha heroini, mbele ya dirisha la kliniki, unaongezewa maji kidogo na kuyameza, halafu sista anakuuliza lolote, hata "umeamkaje?" Si salamu hiyo. Anataka usikike sauti, ajue hukuibana dawa mdomoni ukaiuze nje. Nimefanya hivyo karibu kila asubuhi kwa miaka minne, hapa Dar es Salaam. Kwenye foleni wapo wakongwe walioanzia Muhimbili mwaka 2011, huduma ilipofunguliwa.

Unga, yaani heroini, nimeula miaka tisa, mwanzo kokteli (unavutwa ukiwa umechanganywa na bangi), baadaye sindano. Maskani waliniambia methadoni ni "unga wa serikali". Wanaosema hivyo walikuwa wanatafuta stimu. Ukishafikia dozi yako, stimu hamna. Unaamka alfajiri pua haichuruziki, tumbo halisokoti, miguu haipigi mateke kitandani, na simu ya mama iko pale pale alipoiacha. Mimi nilianzishiwa miligramu 30. Wiki mbili za kwanza arosto, yale mateso ya mwili kukosa unga, ilinisumbua usiku, nikataka kurudi kijiweni. Wanakupandisha taratibu kwa sababu dawa inajilimbikiza mwilini. Ukiharakishwa unaweza kulala usiamke tena. Nilipofika 85, mwili ukatulia.

Kero zipo. Choo kinafunga (papai limekuwa rafiki yangu), jasho linatoka hata Julai. Dawa ni bure ila nauli si bure, na fundi niliyekuwa namfanyia kibarua alitaka watu saa moja kamili, muda ambao mimi niko foleni. Kibarua kikaota nyasi. Siku moja tulikaa mpaka adhuhuri, hakuna aliyetoka kutuambia kuna nini. Na ukikosa siku kadhaa mfululizo wanakushusha dozi, hata kama ulikwenda kuzika.

Kilichokaribia kunimaliza ni pombe. Methadoni haigusi kiu ya pombe kabisa. Niliacha unga nikahamia kwenye gongo, na si mimi peke yangu. Siku niliyofika nanukia, sista alininyima dozi. Nilimtukana mbele za watu. Kumbe vitu hivyo viwili vikikutana vinapunguza pumzi mpaka inakatika.

Jamaa mmoja alinisifia naltrekzoni, vidonge vya kupunguza hamu ya pombe. Daktari aliposikia akaweka kalamu chini: ukivimeza ukiwa na methadoni mwilini, vinaing'oa pale ilipokaa, na unapigwa na arosto ambayo hujawahi kuiona. Vinamfaa mlevi asiye na unga wala methadoni mwilini. Basi mimi nikabaki na kikundi cha Jumatano na unasihi. Sasa ni miezi saba sijaonja pombe.

Yule sista nilimwomba radhi. Akaniuliza, "Umeamkaje?"

Tangu mwezi uliopita napewa dozi ya kubeba nyumbani. Naifungia kwenye sanduku la bati, watoto wasije wakadhani ni juisi. Ufunguo anao mama.