Kulipa ili uonyeshwe shemine ya Gécamines: inafaa?

Mlushois (mkaaji wa Lubumbashi) yeyote atauliza kwa nini atoe faranga 20.000 aonyeshwe shemine, yaani bomba la moshi, la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ambalo ameliona tangu utotoni. Mimi nililipa kwa sababu ya mgeni wangu kutoka Bukavu, na sijutii, ingawa nina malalamiko.

Kijana anayetembeza watu ni mwanafunzi wa historia, na ana akili ya kuanzia mbali, kwenye kituo cha reli. Reli iliingia hapa mwaka 1910 kutoka kusini na kuleta makaa ya mawe ya Wankie (Zimbabwe ya leo). Mwaka uliofuata, shaba ya kwanza ya Union Minière, kampuni ya Wabelgiji iliyoitangulia Gécamines, ikayeyushwa kwenye tanuru lililojengwa karibu na mto Lubumbashi, kwa mawe ya mgodi wa Étoile. Ukishaelewa hapo, huulizi tena kwa nini mji ulikaa hapa.

Tukashuka kwa mguu hadi tukaiona shemine yote. Ina mita 153, pana chini, inapungua taratibu kuelekea juu, na mabanda ya mabati yaliyo miguuni pake yanaonekana kama vibanda vya kuku. Haikujengwa ndefu kwa ajili ya sifa. Moshi wa salfa ulitakiwa utupwe mbali, na upepo wa kusini-mashariki ukausukuma kaskazini-magharibi. Huko, mtaa wa Penga Penga, miti ilikufa na udongo ukabaki uchi. Watafiti wa chuo kikuu chetu wamejaribu kupanda nyasi zinazovumilia shaba. Sehemu hii aliieleza vizuri sana.

Kisha ule mlima mweusi wa mabaki ya tanuru. Wengi tunauona kama takataka tu, lakini kijana alimpa mgeni wangu kipande cha kile kioo cheusi akishike: kizito, kingo zake zinakata kidole. Ndani yake mna kobalti na jerimaniamu (metali ya vifaa vya elektroniki), na STL, kampuni tanzu ya Gécamines, inayachimbua hadi leo. Mwaka 2024 jerimaniamu hiyo ilianza kwenda kwa Umicore, Ubelgiji. Na Umicore ni nani? Ni Union Minière yenyewe, iliyobadili jina mwaka 2001! Mgeni wangu alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka sana.

Malalamiko sasa. Saa mbili nzima za historia ya kiwanda, na hakuna neno kuhusu Desemba 1941, wakati wafanyakazi waligoma wakitaka mshahara uongezwe, na tarehe 9 askari wakawapiga risasi kwenye uwanja wa mpira. Nilipomuuliza alijua kila kitu, hata jina la Léonard Mpoyi, kiongozi wa wagomaji. Basi kwa nini ananyamaza? Anasema wageni hawapendi. Papa, wageni ndio wanaotaka hayo! Vilevile mwaka 2003, maelfu ya wafanyakazi walipoondolewa Gécamines kwa jina la "kuondoka kwa hiari", alipita haraka. Baba yangu mdogo alikuwa mmoja wao, naye angeweza kumsimulia nusu siku.

Nampa nyota nne. Vaeni viatu vilivyofunga, vumbi la pale ni jeusi na haliondoki kwenye soksi. Kamera ziacheni mfukoni karibu na lango, maana walinzi hawataki mzaha. Maji mubebe wenyewe. Bukari (ugali) haimo kwenye bei.