Kadi ya CHF ya elfu thelathini: miaka mitatu nimekaa nayo, haya ndo niliyoyaona

Naandika hii kwa sababu kila asubuhi nikiwasha jiko lazima atokee mtu aniulize, eti mama chapati, ile CHF, yaani bima ya Mfuko wa Afya ya Jamii, inatibu kweli au ni hela ya kutupa? Mi nauza chapati na supu ya sato mwaloni huku Kanda ya Ziwa, mume wangu ni kuli, anabeba matenga ya dagaa, hatuna bosi wa kutukata kwenye mshahara. Jirani yangu mwalimu ye yuko NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, anakatwa asilimia 3 na mwajiri anaweka 3 nyingine, kadi yake inafika mbali kuliko yetu. Ila hata ye Machi 2024 kitita kipya (orodha ya huduma na bei ambazo bima inalipia) kilipoanza na hospitali kadhaa za binafsi zikagoma kupokea kadi za NHIF alihaha, kwa hiyo msidhani mwenye kadi kubwa hapati presha.

CHF iliyoboreshwa sisi tuliilipia shilingi 30,000 kwa mwaka, kaya ya watu wasiozidi sita (Dar bei yao ilikuwa nyingine, msije mkanishika shati). Mwandikishaji alikuja mpaka nyumbani na simu yake, akatupiga picha mmoja mmoja ukutani, mume wangu akagoma kuvua kofia wakabishana weee. Sasa shida sisi tuko saba. Mimi, baba, watoto wanne na mtoto wa marehemu wifi yangu. Usiku ule tulikaa tunapanga nani abaki nje ya kadi, jamani ni kitu kibaya sana kukaa na daftari unachagua mtoto. Mwisho tukamwacha wetu wa mwisho, alikuwa na miaka miwili, kwa hesabu kwamba chini ya miaka mitano kwa sera ya serikali anatibiwa bure kwenye vituo vya serikali. Hesabu ilikuwa sawa nusu. Alipougua malaria kipimo sikulipa, daktari sikulipa, nafika dirisha la dawa naambiwa dawa imeisha kanunue nje. Ila mwenzake mwenye kadi naye akaugua wiki ile ile na akaambiwa maneno hayo hayo dirisha hilo hilo, kwa hiyo hapo ndo nilielewa kadi inalipia kile kilichomo ndani ya kituo, kama shelfu ni tupu basi na kadi yako ni plastiki tu.

Haya tuje kwenye ngiri ya mume wangu maana hapo ndo nilijifunza kwa uchungu. Ilianza kama kauvimbe hapo kwenye kinena, akibeba tenga kanatoka akilala kanarudi, akawa anakasukuma kwa kidole anaendelea na kazi. Mi nikaona mbona tuna bima, nikamburuta moja kwa moja hospitali ya mkoa. Mapokezi dada kaangalia kadi, kaangalia mimi, "mama, rufaa iko wapi?" Rufaa gani? "Basi huyu ni wa kulipa cash." Tumeshapanda gari, tumeshafunga biashara, tukalipa. Kumuona daktari na utrasaundi ilikula elfu thelathini kamili, yaani bei ile ile ya kadi ya mwaka mzima, nilitamani kulia nikacheka. Na hakuna aliyetukosea pale, ndo utaratibu wenyewe ulivyo, ila siku ya kuandikishwa hakuna hata mmoja aliyetuambia kwamba CHF inapanda ngazi: unaanza zahanati, wao wakishindwa wanakuandikia kwenda kituo cha afya, halafu hospitali ya wilaya, halafu ya mkoa, na hapo mkoa ndo mwisho wa reli. Sijui kwa nini hawaandiki hilo nyuma ya kadi kwa herufi kubwa.

Tukarudi chini tukaanza upya. Pale zahanati tabibu akamwambia kohoa, akashika, akasema hii ya kukata, kaandika karatasi na mhuri. Ile karatasi niliitunza kuliko cheti cha ndoa. Kituo cha afya siku moja, wilaya tukapangiwa tarehe, akalala siku tatu akafanyiwa upasuaji. Siku ya kuruhusiwa nimeenda dirishani na laki mbili ya kukopa kwenye kikoba nimeikunja kwenye sidiria, kijana akapiga piga kompyuta akasema mama hudaiwi. Nikamwambia angalia vizuri. Akasema hudaiwi, nenda. Nilichotoa mfukoni ni elfu 23 tu za sindano na dawa ambazo hazikuwepo, risiti nikaziweka nikidhani nitarudishiwa, hamna kitu kama hicho zipo mpaka leo kwenye kopo la sukari.

Kwa hiyo ukiniuliza hiyo miaka mitatu, elfu tisini nimetoa, na upasuaji mmoja tu ungenila zaidi ya hapo.

Ila kuna upande wa kutokuwa na kadi kabisa na huo niliuona kwa mama mdogo wangu, ye anakaa Dar na hakuwa na bima yoyote. Alianguka akishuka daladala, mfupa wa paja ukavunjika, akawekewa chuma kwenye hospitali moja ambayo jina lake silitaji. Nikatumwa mimi na familia nikamtoe. Bili milioni moja laki tatu na elfu arobaini. Tulikuwa na laki sita za mchango. Dada mmoja mfanya usafi, Mungu ambariki, akaninong'oneza omba mchanganuo. Sikujua kama inaruhusiwa! Nimeomba, wakanuna kidogo wakachapisha, tukakaa na binamu yangu tunahesabu mstari kwa mstari kama tunahesabu dagaa. Vitanda wameandika siku tisa, kalala saba. Eksirei tatu, picha mkononi ziko mbili. Nikawapelekea bila ugomvi, wakarekebisha, ikashuka laki moja na kumi.

Halafu ndo tukaenda ustawi wa jamii kuomba tusamehewe bili, hiyo ofisi ipo kwenye hospitali za serikali na watu wengi wanaipita wakidhani ni ya wagomvi wa ndoa. Wanataka barua ya mtendaji wa mtaa, sisi hatukuwa nayo, binamu akarudi Mbagala kuifuata siku nzima. Afisa alikuwa mama mtu mzima, anauliza taratibu, anaishi na nani, nyumba yake au kapanga, watoto wanafanya kazi gani, jana mlikula nini. Mama mdogo aliona aibu akaanza kusema watoto wangu wana uwezo wanajitahidi, nikamkanyaga mguu ule mzima. Mwisho tukasamehewa laki tatu, iliyobaki laki tatu na thelathini tukaandikiana kulipa miezi mitatu na mdhamini. Alichoniambia yule mama afisa sikisahau, "mwanangu mngekuja siku ile ile amelazwa, sasa hivi bili imeshakomaa." Kumbe ukienda mapema wanakujua, wanafuatilia, wewe unakuja siku ya mwisho na machozi wanakuona kama wengine wote.

Ningeipa CHF nyota tatu na nusu kwa tano. Ile nusu ni ya yule kijana wa "hudaiwi".

Kuna Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita bungeni 2023 kwa hiyo bei na mafao huenda yameshabadilika, usije ukatembea na elfu thelathini yako ukinitaja mimi, muulize mwandikishaji wa mtaani kwako kwanza, na muulize habari ya rufaa hata kama hataki kuongea.

Yetu inaisha mwezi ujao. Wa mwisho sasa kashatimiza mitano, yule wa wifi ameenda kukaa kwa babu yake, kwa hiyo safari hii tuko sita kamili. Nina elfu kumi na nane kwenye kopo, pamoja na zile risiti.