Banda la mbwa la fundi wa Tanga: linafaa kwa mbwa anayebaki peke yake mchana?

Futi nne kwa tatu, mbao ukutani, bati moja juu, mlango wa wavu mbele, miguu mifupi chini. Hilo ndilo banda analopewa karibu kila anayeagiza kwa mafundi seremala wa Tanga mjini, awe anakaa Raskazone, Ngamiani au Kange. Limetokana na desturi inayoeleweka: mbwa afungiwe mchana, afunguliwe usiku alinde. Nyumba ikiwa na mtu wa kumwongezea maji na kumtoa kidogo adhuhuri, banda hilo halina ubaya mkubwa. Lakini nyumba nyingi siku hizi baba na mama wote wanatoka asubuhi, watoto wako shule, na komeo haliguswi tena mpaka saa kumi na moja jioni. Nalipima kwa kazi hiyo moja tu: muda wa saa tisa au kumi mfululizo, joto la pwani, hakuna mtu nyumbani.

Nianze na sifa. Kiunzi ni imara. Nguzo za mbili kwa mbili, mbao za inchi moja kwa sita ukutani, pembe zimekamatana vizuri. Kwa kazi hiyo mafundi wetu hawana shida. Ukubwa nao unatosha kwa mbwa wa kienyeji wa kilo 15 hadi 20 kulala ubavu miguu imenyooka, kusimama bila kuinamisha kichwa na kugeuka. Mwenye damu ya German Shepherd aagiziwe futi tano kwa nne. Ila kutosha kulala si kutosha kushinda. Mbwa mzima hapendi kujisaidia anapolala, kwa hiyo akifungiwa ndani ya futi nne kutwa nzima atajibana mpaka ashindwe, kisha atalalia uchafu wake. Mwambie fundi aunganishe mbele ya banda uwanja wa wavu usiopungua futi nane kwa sita, na mlango wa banda uwe wazi kuelekea huko. Kama bajeti ni ndogo, punguza urembo wa banda, usipunguze uwanja.

Kasoro kubwa iko juu. Bati jembamba la geji 30 likipigwa na jua la Februari ni kikaango, na mbwa yuko chini yake kwa umbali wa futi moja tu. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi; anapoza mwili kwa kuhema, maji yakikauka ulimini na njiani mwa pumzi. Hewa ya Tanga kuanzia Desemba mpaka Machi ina unyevu mwingi, maji hayakauki upesi, na kuhema kunamsaidia kidogo tu. Joto lake la kawaida ni kati ya nyuzi 38.3 na 39.2 za Selsiasi. Likipita 41 ni dharura: anahema bila kituo, mate yanakuwa mazito, ufizi unawiva wekundu, anapepesuka, anatapika. Ukimkuta hivyo, mpeleke kivulini, mwagie maji ya kawaida mwili mzima, mpepee, usimlazimishe kunywa, na mpeleke kwa daktari wa mifugo hata akionekana amepata nafuu, kwa sababu figo na ini huweza kuharibika baadaye.

Dawa ya bati si kuliondoa. Paa la makuti peke yake ni baridi zuri, ila kwenye banda dogo ndani yake hukaa panya, siafu na kupe, na mvua za masika hulichosha haraka. Kilicho bora ni kufunga makuti mikunjo miwili juu ya bati, yamekazwa kwa kamba ya katani. Bati linazuia mvua, makuti yanazuia jua, na yakioza unabadilisha makuti tu. Halafu fundi aache uwazi wa inchi nne kati ya juu ya ukuta na bati, pande mbili zinazotazamana, na azibe uwazi huo kwa wavu. Hewa moto hupanda, lazima ipate pa kutokea. Mabanda mengi ninayoyaona yamezibwa hadi juu kwa sababu mteja aliogopa mvua. Mvua inazuiwa kwa kulichomoza bati futi moja mbele, si kwa kuziba.

Uelekeo wa mlango hauongezi hata senti kwenye gharama, na bado hausemwi wakati wa kuagiza. Hapa kwetu mlango utazame kaskazini, au kaskazini mashariki. Miezi ya joto kali upepo wa kaskazi unaingia moja kwa moja, na jua la miezi hiyo limeegemea kusini kidogo, kwa hiyo haliingii ndani. Kusi ikija na mvua yake, inapiga ukuta wa nyuma. Mlango wa magharibi ndio mbaya kuliko yote: kuanzia saa nane mpaka jua linazama mbwa hana pa kujificha. Kivuli cha mwembe au mwarobaini ni hazina. Chini ya mnazi usiweke banda kabisa, maana nazi moja ikidondoka inaweza kumuua mbwa.

Sakafu nayo ina mawili. Miguu ya inchi tatu ni mifupi. Iwe sita au zaidi, hewa ipite chini na uweze kufagia. Mbao za sakafu ziachane kama sentimita moja mkojo upite. Kuta ni kinyume chake: nyufa zote zizibwe kwa unga wa mbao na gundi, kisha zipigwe msasa. Sababu ni kupe wa kahawia wa mbwa. Jike akishiba damu humwacha mbwa, hupanda ukutani na kutaga maelfu ya mayai kwenye ufa, na mbwa aliyefungiwa kutwa hana namna ya kuwakimbia kupe wanaoanguliwa humo. Kupe huyo hueneza vimelea vya Ehrlichia na Babesia: homa, kukataa chakula, ufizi kupauka, wakati mwingine damu puani. Ukimwogesha mbwa dawa ya kupe bila kutibu kuta, umefanya nusu ya kazi. Dawa za kupe zenye amitraz zisitumike kwa watoto wa mbwa wa chini ya miezi minne, na kama paka wanapita uani kwako, kaa mbali na dawa zenye permethrin, ni sumu kwao.

Kwenye kinga ya mchwa ndipo pa kuwa mkali. Kupaka oili chafu ya gari ni mazoea ya muda mrefu, na fundi ataipaka bila kukuuliza. Mbwa anaegemea ukuta, oili inashika manyoya, anajilamba. Mbao za kijani zilizotiwa dawa nazo zina kemikali kali, na mbwa aliyechoka upweke hutafuna mbao. Kataa vyote viwili sehemu zinazofikiwa na mdomo. Simamisha miguu juu ya matofali ya simenti, na kuta zibaki mbao tupu. Kabla ya kuchukua banda, ingiza mkono upitishe kiganja chini ya bati na kwenye pembe zote. Misumari ya bati iliyotokeza ndani ndiyo inayochana vichwa na masikio. Ikunjwe na kugongwa ilale.

Wavu wa kuku uliowekwa mlangoni haufai. Mbwa mwenye hofu anaung'ata, nyaya zinakatika na kumchana mdomo, na tundu likipanuka kichwa kinanasa. Dai waya meshi uliochomelewa, wenye matundu ya inchi mbili, upigiliwe kwa ndani ya fremu ili akiusukuma aukaze badala ya kuung'oa. Komeo liwe nje, lenye pini. Mnyororo usitumike ndani ya uwanja huo. Unazunguka nguzo, na mbwa anaishia jua limemfikia huku maji yako hatua mbili mbele yake.

Maji hayaji na banda, lakini ndiyo yanayoamua kama linafaa. Mbwa huhitaji takriban mililita 50 hadi 60 kwa kila kilo kwa siku, na kwenye joto letu zaidi. Kwa mbwa wa kilo 20 acha lita tatu, kwenye vyombo viwili, kwa sababu kimoja kitamwagika. Sufuria nyepesi inapinduliwa asubuhi hiyohiyo. Chombo bora unakitengeneza mwenyewe: changanya simenti moja kwa mchanga miwili, mimina kwenye beseni, didimiza bakuli lililopakwa mafuta katikati, acha likauke huku ukilimwagia maji siku saba. Kisha lijaze na kumwaga maji kila siku kwa wiki nzima kabla mbwa hajanywea, maana simenti mpya ni kali mdomoni. Lisugue kwa brashi kila wiki. Mbu wa dengue hutaga pembeni mwa vyombo kama hivyo.

Mbwa mwenyewe naye huzoezwa. Siku za kwanza mlango usifungwe. Chakula aletewe ndani, atoke anapotaka. Akiingia kwa hiari, funga dakika moja ukiwa hapo, kisha tano, kumi na tano, nusu saa, ukiwa umetoka machoni pake. Akilia, umeruka hatua. Rudi kwenye muda aliouweza. Hofu ya kuachwa hujitokeza zaidi katika nusu saa ya mwanzo, kwa hiyo acha simu inarekodi na utajua yanayotokea ukishaondoka. Mbwa mwenye kucha zenye damu, mate yaliyolowanisha kifua na mlango uliochanwa hajakosa adabu, ana hofu, na kumkazia kufuli kutamvunja meno. Huyo anahitaji mtu, si banda.

Asubuhi mtembeze nusu saa kabla jua halijawaka, mpumzishe, ndipo ale. Ukiondoka mwachie barafu ya supu ya dagaa: chemsha dagaa waliooshwa vizuri, bila chumvi wala kitunguu, gandisha kwenye bakuli usiku. Ataishughulikia taratibu wakati ule mgumu wa mwanzo, na anapata maji. Mifupa ya kuku iliyopikwa usimpe, inavunjika vipande vikali. Kipande cha kamba ya katani ni mchezo mzuri ukiwepo tu; nyuzi zake akizimeza zinaweza kufunga utumbo. Makumbi ya nazi vilevile.

Jambo la majirani linahitaji heshima yake. Nyumba zetu zimebanana, na watu wanapita kwenda swala ya adhuhuri. Mbwa anayeona kila mpita njia atabweka kutwa, na akichomoka akamgusa mtu mwenye udhu ni usumbufu wa kweli. Upande wa njia uzibwe kwa mbao mpaka juu ya usawa wa macho yake, na ndoo na ufagio wa banda visichanganywe na vya nyumbani. Chanjo ya kichaa cha mbwa, kuanzia miezi mitatu na kurudia kila mwaka, usiicheleweshe; anayeichelewesha ni asiyejali majirani.

Hukumu yangu: kwa umbo lake la kawaida, banda hili ni la kulalia usiku na kujikinga mvua, silipendekezi kwa kutwa nzima. Likiongezwa uwanja, makuti juu ya bati, uwazi wa hewa na waya meshi, ni banda zuri kuliko mengi ya plastiki, ambayo hutunza joto na hayatengenezeki yakipasuka. Kwa mtoto wa mbwa halitoshi hata hivyo. Kipimo cha kawaida ni saa moja ya kujizuia kwa kila mwezi wa umri, hivyo wa miezi mitatu anahitaji mtu kila baada ya saa tatu. Kijana wa jirani anayeaminika, akilipwa kuja saa nne, saa saba na saa kumi kumtoa, kumbadilishia maji na kukaa naye robo saa, atafanya kazi ambayo hakuna fundi anayeweza kuipigilia misumari.