Rifleksha ya tano kwa moja, sentimita 110: kazi iko kwenye kitambaa cha ndani

Muuzaji akikunjua rifleksha (duara la kitambaa la kurudisha au kulainisha mwanga unapopiga picha) dukani ataanza kukuonyesha upande wa dhahabu, kisha wa fedha, kwa sababu ndizo zinazong'aa chini ya taa. Kile kitambaa cheupe chepesi kilichofichwa ndani hukitaja mwishoni, kama nyongeza. Kwa anayepiga picha za sura nje, kwenye jua la Dar es Salaam, Mombasa au Kampala, mpangilio huo ugeuze juu chini. Kitambaa cha ndani ndicho kitakachokulipa, upande mweupe unakifuata, na dhahabu unaweza kumaliza mwaka bila kuigusa.

Tuanze na kilichomo kwenye mkoba. Kuna duara la waya bapa wa chuma lililowambwa kitambaa kinachopitisha mwanga, ambacho wapiga picha wanakiita difyuza. Juu yake linavishwa gamba la zipu lenye nyuso nne: mbili ziko nje, na ukiligeuza ndani nje unapata mbili nyingine. Mara nyingi fedha hukaa na nyeusi, dhahabu na nyeupe. Likikunjwa, duara la sentimita 110 linarudi kuwa kama theluthi ya upana wake na kuingia kwenye begi la mgongoni.

Kwa nini difyuza kwanza? Kwetu jua la mchana linakaa utosini. Dar es Salaam linapita juu kabisa ya kichwa mwanzoni mwa Machi na tena mnamo Oktoba, na hata miezi mingine saa sita mchana liko juu mno kwa picha ya sura. Macho yanazama kwenye mashimo meusi, pua inachora masharubu ya kivuli juu ya mdomo, paji la uso linaungua, yaani linatoka jeupe tupu kwenye picha. Wengi hapo hukimbilia upande wa fedha, na ndipo wanapoharibu. Mwanga unaotoka juu ukigonga rifleksha iliyoshikwa chini unapanda kutoka chini. Unaangaza matundu ya pua na chini ya kidevu, na mteja anatoka kama mtu aliyeinamia moto wa kuni usiku. Wala tatizo si rangi ya rifleksha: ni kwamba mwanga mkali unamfikia mteja kutoka chini ya uso.

Difyuza inalikata jua kabla halijafika. Vua gamba, msaidizi asimame pembeni na ashike duara juu ya kichwa cha mteja, sentimita 50 hadi 60 kutoka usoni. Lisogeze mbele kidogo kuelekea kamera, ilimradi kivuli chake kiendelee kufunika utosi na mabega. Kusogeza huko mbele ndiko kunakoingiza mwanga machoni. Likikaa sawasawa juu ya kichwa, mashimo ya macho yanapungua weusi lakini yapo palepale. Umbali nao una maana yake: kwa sentimita 50 duara hili ni dirisha kubwa kuliko kichwa mara kadhaa, na vivuli vinalainika, ukiliinua hadi mita moja na nusu vinaanza kurudi. Msaidizi akichoka mikono atalipandisha au kulishusha bila kujua, kwa hiyo tazama kingo za kivuli begani kila baada ya picha chache.

Gamba ulilovua lisikae bure. Litandaze juani mbele ya mteja, upande mweupe juu, usawa wa kiuno au magoti ikiwa ameketi. Linarudisha mwanga mwororo chini ya nyusi na kidevu. Hapa mwanga kutoka chini hauna ubaya kwa sababu ni mdogo, na mkubwa wa kutoka juu umeshalainishwa.

Difyuza ina gharama yake. Inakula kati ya stopu moja na moja na nusu ya mwanga (kupunguza stopu moja ni kupunguza mwanga kwa nusu), lakini kwa mteja peke yake. Nyuma yake jua ni lile lile. Ukimweka mbele ya ukuta mweupe unaopigwa na jua, uso ukiwa sawa ukuta unaungua, na ukuta ukiwa sawa uso unakuwa kama umepigwa ndani ya nyumba. Dawa ni kuchagua mandhari yenye kivuli: shina la mwembe, mlango wa mbao ulio ndani ya baraza, uchochoro. Kwa hesabu, jua kali bila wingu kwa ISO 100 (kipimo cha wepesi wa kamera kupokea mwanga) linataka karibu f/16 (tundu la lenzi; namba ikipungua tundu linapanuka) na shata 1/100, yaani sehemu ya mia ya sekunde. Ukifungua lenzi hadi f/2.8 ni stopu tano, yaani shata 1/3200. Weka difyuza na unashuka hadi kama 1/1250. Jambo hili lina faida ambayo wauzaji hawaisemi: kamera nyingi za bei nafuu zinaishia 1/4000, na kwenye jua tupu lenzi ya f/1.8 inadai 1/8000, hivyo picha inaungua. Chini ya difyuza f/1.8 inakuja takribani 1/3000, na kamera hiyo hiyo inaiweza.

Sentimita 110 zinatosha kichwa na mabega, au kiuno kwenda juu ukiwa makini. Hazitoshi mtu aliyesimama wima kuanzia kichwa hadi miguu, wala bwana na bibi harusi wakiwa pamoja. Mmoja atabaki nusu juani. Kwa kazi hizo tafuta ile ya umbo la yai ya sentimita 150 kwa 200, na uhesabu wasaidizi wawili. Ya sentimita 60 nzuri kwa picha za chakula, siyo watu.

Jioni mambo yanabadilika, na hapo ndipo upande wa fedha unapata haki yake. Kuanzia saa kumi na nusu hivi jua liko chini vya kutosha kuwekwa nyuma ya mteja. Linamchora nywele na mabega kwa mstari wa mwanga, uso unabaki kivulini, nawe unarudisha jua kutoka mbele. Namna ya kulenga: msaidizi aelekeze rifleksha chini mpaka aone doa la mwanga kwenye nguo au ardhini, kisha alipandishe doa hilo polepole hadi usoni. Likishafika, alipitishe kidogo ili uso uguswe na ukingo wa doa, siyo kitovu chake. Rifleksha iwe usawa wa kifua au juu zaidi. Ikiwa magotini, ule moto wa kuni umerudi.

Fedha iwe mita mbili hadi tatu kutoka kwa mteja. Karibu zaidi ya hapo anafinya macho, machozi yanamtoka, na ngozi yenye jasho inatoa mabaka meupe ambayo hakuna programu itakayoyafuta vizuri. Asiyevumilia, mwambie afumbe macho, hesabu moja, mbili, tatu, afumbue, piga hapo hapo. Nyeupe haina matatizo hayo kwa sababu inatawanya mwanga kila upande. Lakini ni dhaifu: ifikishe sentimita 60 hadi mita moja, nje kidogo tu ya fremu. Ikipita mita moja na nusu unashikisha mtu kitambaa bure. Kama uko peke yako, bila msaidizi mzoefu, tumia nyeupe tu. Ukikosea pembe kidogo picha bado inatoka.

Dhahabu, basi. Jua la jioni tayari lina rangi ya dhahabu, ukiongeza nyingine uso unatoka kama wa bibi harusi aliyesahau kunawa singo. Kibaya zaidi, rangi hiyo inakaa upande mmoja wa uso tu. Ukiirekebisha kwenye kompyuta, upande wa pili unageuka bluu. Kuna siku ya mawingu mazito ambapo dhahabu kutoka mita tatu inaweza kumpa mtu uhai kidogo, na kusema kweli hata siku hiyo nyeupe inatosha.

Nyeusi inadharauliwa bila sababu. Mteja akiwa amesimama kwenye nyasi, rangi ya kijani inapanda chini ya kidevu. Kwenye udongo mwekundu inapanda nyekundu. Tandaza upande mweusi miguuni pake, nje ya fremu, na rangi hiyo inakatika. Siku ya mawingu, pale uso unapoonekana bapa kama sahani, isimamishe nusu mita kutoka shavu moja na shavu hilo linapata kivuli, uso unapata umbo. Ufukweni kwenye mchanga mweupe ni kinyume cha yote: mchanga wenyewe ni rifleksha kubwa, iache begini.

Kosa kubwa la bidhaa hii ni upepo. Duara la sentimita 110 ni karibu mita moja ya mraba ya tanga. Kusi likivuma pwani, stendi yenye mabano itaanguka hata ukiifungia mfuko wa mchanga, na ukingo wa waya ukimpiga mteja usoni kazi imekwisha. Penye upepo ishikwe na mtu, mikono yote miwili, mgongo wa mshikaji ukielekea upepo unakotoka. Asipokuwepo mtu, hama uende nyuma ya ukuta au jengo.

Rifleksha pia haikufanyii hesabu ya mwanga. Kamera ikiachiwa iamue, uso mweusi uliojaa fremu itaufanya mweupe kuliko ulivyo, na kanzu au lesi nyeupe itaifanya kijivu huku uso ukizama. Weka mwenyewe kwa mkono: pima usoni, piga moja, tazama kama nyeupe ya nguo inawaka na kuzima kwenye skrini (onyo kwamba imeungua), punguza theluthi ya stopu mpaka iache. Kwenye simu, msaidizi akishaweka rifleksha mahali pake, bonyeza na ushikilie kidole juu ya uso mpaka mwanga ufungwe, la sivyo simu itaubadilisha yenyewe. Na beba karatasi laini za kufuta paji la uso. Mng'ao wa jasho unaonekana zaidi rifleksha ikiwepo.

Dukani usinunue bila kuifungua. Iweke sakafuni: nzuri inalala bapa, mbovu inainuka upande mmoja kama ungo uliopinda, na hiyo haitalenga sawasawa kamwe. Tazama taa kupitia difyuza. Ukiona umbo la balbu waziwazi, kitambaa ni chepesi mno na vivuli vitabaki. Weka karatasi ya A4 kando ya upande mweupe, maana baadhi ni rangi ya maziwa yaliyochacha na zitapaka ngozi manjano. Vuta zipu mzunguko mzima mara mbili, kwa kuwa ndiyo inayokufa kwanza. Mwisho chungulia mshono wa pindo mahali waya unapoungana. Uzi ukiwa umeachia hapo, waya utatoka nje ndani ya miezi michache.

Kukunja kunawatoa watu jasho bila sababu. Shika kingo mbili zinazotazamana, kidole gumba cha mkono mmoja kikitazama juu na cha mwingine kikitazama chini. Sasa zungusha mikono ili vidole gumba vyote vitazame upande mmoja: duara linajipinda kama namba nane. Leta mikono pamoja, mmoja ukipita juu ya mwingine, na pete tatu zinajipanga zenyewe. Ukianza na vidole gumba vyote juu utapigana nayo mpaka waya upinde, na waya uliopinda haunyooki tena. Wakati wa kufungua iweke mbali na uso wa mtu, inafyatuka kwa nguvu.

Ikitoka ufukweni, ipanguse kwa kitambaa chenye maji baridi, ikauke kabisa ndipo uikunje. Chumvi ikibaki kwenye pindo waya unapata kutu na kutu inachora mstari wa kahawia kwenye nyeupe. Zipu ikianza kukwama, isugue kwa kipande cha mshumaa.