Ondansetron ya kuyeyuka ulimini, tumeitumia kwa mama

Jamani naandika kwa anayemuuguza mtu asiyeweza kumeza. Mama angu ana kansa ya koo, lile la chakula, tumefika mahali hata uji lazima uwe mwepesi kabisa, ndo uje umwambie ameze kidonge. Nilikuwa namsagia kwa kijiko nachanganya na maji, nusu anatema, yaani dawa ya kuzuia kutapika ndo inamtapisha.

Daktari akaandika ondansetron, ndo hiyo ya kuzuia kutapika, ila ya kuyeyuka mdomoni, miligramu 8, kwa siku za dripu za kansa. Famasi mbili za mtaani wakanipa ya kawaida eti ni hiyohiyo. Sio hiyohiyo. Ya tatu wanayo, dada akakata strip kwa mkasi, vidonge sita, akatia kwenye bahasha ya kaki, hakusema kitu.

Cha kwanza nikakisukuma kwa kidole gumba kama panadol. Kikapasuka, kumbe ni laini kama chaki, na mikono ndo kwanza nimetoka kuosha vyombo, kikaganda vidoleni nikabaki naangalia hela yangu inavyoyeyuka. Cha pili nikafuta mikono na kanga, nikabandua foili taratibu, nikakiweka juu ya ulimi. Juu, sio chini, maana kinalainika na mate halafu unameza yale mate, dawa inafanya kazi ikishafika tumboni. Mdomo wake mkavu hivyo namlowesha kwanza na maji kidogo. Sikufika hata ishirini kuhesabu akaachama kama mtoto, hamna kitu. "Tamu, ila mwishoni chungu."

Kutapika kumepungua sana, hakujaisha. Ubaya wake choo kiligoma siku nne na kichwa kinamuuma, nesi akasema ndo zake hizo, daktari akaongeza dawa ya choo ya maji. Bei nayo imechangamka.

Ila sio kila dawa ina ya hivi. Ya presha yake ni ile inayotoka polepole mwilini, nayo nilikuwa nasaga, mfamasia wa hospitali kusikia akashika kichwa, kumbe ukiisaga inaingia yote kwa mpigo presha inaweza kuporomoka. Akabadilishiwa siku hiyohiyo.

Naipa nyota nne. Ya tano nimemkata yule dada wa mkasi, karatasi ya maelezo ilibaki kwenye boksi lake.